Bobby amerudi mjini

Nimekuwa kimya wiki mbili, mnisamehe. Kazi ya gazeti haina adabu: ukimaliza Baraza la Wawakilishi kuna moto umeunguza maduka, ukimaliza moto kuna mkutano wa waandishi wa habari ambao hauna habari hata moja. Ila leo nina kisa. Mhariri wangu alikikatakata mpaka zikabaki aya tatu, zikawekwa chini ya tangazo la mnada, basi nimeona nikilete hapa kizima kama kilivyokuwa.

Rafiki yangu mmoja wa tangu skuli hukodisha vyombo vya harusi: maspika, taa, jenereta. Mwezi uliopita akaazima projekta, akatundika shuka jeupe ukutani uani kwao Kikwajuni, akatangaza kwa mdomo tu kwamba Jumamosi baada ya Isha kuna picha. Bure. Tulidhani watakuja vijana wenzetu, maana ndio tuliokuwa tukilalamika kila siku kwamba mji mzima huu hauna hata jumba moja la sinema. Lakini picha alilichagua mama yake, na mama yake alichagua Bobby. La Raj Kapoor. La mwaka 1973.

Vijana tulifika kama kumi. Kina mama walifika zaidi ya arubaini, kila mmoja na mkeka wake, na chupa za chai, na kashata, na bisi kwenye mifuko ya karatasi. Walipanga viatu mlangoni kama wanaingia maulidini. Shangazi yangu alikaa mbele kabisa. Ana miaka sitini na kitu, magoti yanamuuma, na kwa kawaida saa mbili za usiku huwa keshalala. Usiku ule alikuwa macho kuliko sisi sote.

Kwa wale ambao hawajaliona (aibu yenu), hadithi yake ni hii. Raja ni mtoto wa tajiri wa Bombay. Wazazi wamempeleka skuli ya bweni, amerudi nyumbani kijana mkubwa, anamtafuta bibi aliyemlea utotoni. Anagonga mlango wa bibi, mlango unafunguliwa na mjukuu, Bobby, mikono imejaa unga aliokuwa akikanda, anarudisha nywele nyuma na unga wote unabaki kichwani. Basi, Raja kwisha habari yake. Tatizo ni kwamba baba yake Raja ni Mhindu mwenye mamilioni, na baba yake Bobby, Jack Braganza, ni mvuvi Mkristo wa Goa. Tajiri anamtafutia mwanawe mchumba mwingine, mtoto wa tajiri mwenzake, binti mwenye akili ya kitoto, kwa sababu ya biashara. Vijana wanatoroka kwa pikipiki. Mwisho wake nitausema mbele.

Rishi Kapoor aliyecheza Raja alikuwa kijana wa miaka 20 na kidogo, na Dimple Kapadia aliyecheza Bobby alikuwa na miaka 16 na hajawahi kucheza picha lolote. Raj Kapoor mwenyewe alikuwa ametoka kuanguka vibaya na Mera Naam Joker la mwaka 1970, picha refu lililomla pesa zake na ambalo watu walilikimbia. Wanasema hakuwa na pesa za kuwalipa mastaa wakubwa, kwa hivyo akamtia mwanawe na msichana asiyejulikana. Likawa moja ya mapicha yaliyoingiza pesa nyingi kuliko yote India miaka ile. Urusi ya Kisovieti lilipofika walilitazama watu zaidi ya milioni 60.

Wamarekani nao wana mapicha yao ya vijana wa skuli, ya kuchekesha, wanayoyapenda kama sisi tunavyopenda urojo. Kila baada ya miaka huyarudisha kwenye majumba ya sinema, na watu wa miaka hamsini huenda kucheka palepale walipocheka walipokuwa na miaka kumi na sita. American Graffiti la George Lucas lilitoka mwaka uleule wa Bobby, mwezi mmoja tu kabla. Vijana waliomaliza skuli wanazunguka mjini na magari usiku mmoja wa mwaka 1962, na swali linalowasumbua ni moja: kesho niondoke niende chuo, au nibaki? Ni picha zuri. Lakini kijana wa Unguja wa mwaka 1975 hakuwa na gari, na wala hakuna aliyemuuliza kama anataka kuondoka. Swali la Bobby ndilo alilokuwa nalo nyumbani kila siku: nani anachagua, mimi au mzee?

Ili ujue kwa nini kina mama arubaini watoke usiku na mikeka, lazima ujue sinema ilikuwa nini hapa. Jumba la kwanza la kujengwa hasa kwa sinema, Royal, lilifunguliwa Vuga mwaka 1921 na Hassanali Adamji Jariwalla, mfanyabiashara wa hapahapa Unguja. Liliungua mwaka 1954, na mwaka uliofuata likasimama jengo jipya mahali palepale, lililochorwa na Dayalji Pitamber Sachania, likaitwa Majestic. Ndilo lile lenye uso wa duara ambalo unalipita kila siku ukielekea Mnazi Mmoja bila kuinua macho. Palikuwa na Empire pale Darajani, na Cine Afrique upande wa Malindi. Mji mdogo kama huu, unaoweza kuuvuka kwa miguu kwa dakika ishirini! Baada ya Mapinduzi ya 1964 majumba yalichukuliwa na serikali, na watu wakaendelea kwenda kama kawaida.

Na hawakwenda kukaa kimya gizani kama siku hizi Dar kwenye majumba ya ndani ya maduka. Mzee mmoja jirani yetu, ambaye ujana wake aliumalizia kwenye sinema, anasimulia kwamba picha kubwa likija sikukuu na kopi ikawa moja tu, walilionyesha majumba mawili kwa usiku mmoja. Picha huja katika mikebe, mkebe mmoja kama dakika ishirini. Jumba la kwanza likimaliza mkebe, kijana anaurukia na baiskeli, anapita vichochoroni anapiga kengele, anaufikisha jumba la pili, anarudi kuchukua mwingine. Baiskeli ikipata pancha, watu wa jumba la pili wanaanza kupiga miluzi na kuimba wenyewe nyimbo za picha hadi mkebe ufike. Kihindi hawakijui, nyimbo wanazijua zote. Tiketi za Idd zililanguliwa mlangoni kwa bei mara mbili, na kulikuwa na watu wa mji huu waliojenga nyumba kwa ulanguzi huo (hili ni la mzee, mimi simo).

Wanawake nao walikuwa na siku zao. Tangu zama za kabla ya Mapinduzi yalikuwapo maonyesho ya wanawake watupu, mabuibui yanavuliwa ndani, mlango unafungwa. Na Jumapili ilikuwa siku ya familia nzima, baba, mama na watoto, wamevaa na kujitia asumini kama wanakwenda harusini. Mwanahistoria wa Kimarekani Laura Fair, aliyekaa miaka mingi akizungumza na wazee wetu, ameandika kitabu kizima juu ya majumba ya sinema ya Tanzania, Reel Pleasures, cha mwaka 2018. Katika maandishi yake anaeleza kwamba mapicha ya Kihindi ya miaka ya 1950 na 1960 yaliwapa Wazanzibari lugha ya kuzungumzia mapenzi na ndoa wakati ambao mume uliletewa, hukumtafuta. Watu walitoka ukumbini wakibishana njia nzima hadi barazani. Alikuwa na haki yule binti? Baba alikosea wapi? Ungekuwa wewe ungefanyaje? Nilipokisoma nikiwa Mlimani nilidhani ametia chumvi. Sikuwa nimekaa na Shangazi kwenye mkeka mmoja.

Kizazi cha kabla ya Shangazi kilikuwa na Awara, la 1951, na wanalo hadi leo. Lakini Bobby lilipofika, lilikuwa la watoto. Mashujaa wa mwanzo walikuwa watu wazima wenye shida za watu wazima: njaa, jela, deni. Hawa wawili walikuwa watoto kabisa, wamevaa nguo za kisasa, wanaudhiana na kucheka, na shida yao kubwa duniani ilikuwa wazazi.

Na kumbuka lilifika wakati gani. Miaka ile ya 1970 hapa kulikuwa na foleni ya mchele, foleni ya sukari na foleni ya kitambaa. Bugaluu zilipigwa marufuku, vimini vilipigwa marufuku, nywele za afro zilikuwa kesi. Bara nako Operesheni Vijana ilikuwa imeanza tangu mwaka 1969. Sasa fikiria msichana wa skuli, nguo yake ya sikukuu kashonewa na mama yake, imefika kifundoni, anakaa Majestic anamuona Dimple Kapadia ana blauzi ya madoadoa iliyofungwa fundo tumboni. Shangazi anasema ukumbi mzima ulivuta pumzi kwa pamoja. Wiki iliyofuata mafundi cherahani wa Mji Mkongwe walikuwa wakiletewa kitambaa cha madoadoa kwa siri, na ukiulizwa unasema ni cha mapazia.

Shangazi aliliona mara nne. Mara ya kwanza kwa ruhusa, na kaka yake (baba yangu, ambaye mpaka leo anakana). Mara tatu zilizobaki alisema anakwenda kwa mwalimu wake wa kushona.

Haya, turudi Kikwajuni. Picha lilipoanza kina mama walianza kuimba kabla ya waimbaji. Kila wimbo. Ulipofika ule wa wawili waliojikuta wamefungiwa chumbani, mama mmoja ambaye mimi humuona msikitini tu na ambaye husalimia kwa sauti isiyosikika, aliinuka akakata kiuno. Kelele zilizopigwa pale zilimfanya jirani achungulie dirishani, kisha akateremka na kiti chake. Prem Chopra, adui wa picha, alipotokea alizomewa kwa jina. Miaka hamsini, na bado wana ugomvi naye.

Kisha likaja lile tukio. Jack Braganza, yule mvuvi, anakwenda nyumbani kwa tajiri kuzungumzia watoto wao. Na tajiri anamtolea pesa, kwamba achukue, amwondoe binti yake. Pran ndiye aliyecheza tajiri, na Premnath mvuvi, na sijui kama kuna waigizaji wa leo wanaoweza kusimama vile na kukufanya uone haya kwa niaba yao. Uani kukawa kimya. Niligeuka nikamuona Shangazi anajifuta macho kwa ncha ya khanga, analia kabisa, anasema pole pole, "Maskini baba wa watu, mtu huyu hana utu."

Nyuma yake amekaa binti yake, dada yangu wa ukoo. Sitamtaja jina, mnaomjua mnamjua. Miaka kadhaa iliyopita alileta posa. Kijana wa Bara, fundi wa umeme, Mkristo aliyekuwa tayari kusilimu, anafanya kazi hapahapa Unguja. Wajumbe walikuja wakapewa chai, wakaulizwa kwao ni wapi, baba yake nani, babu yake nani. Hakuna aliyewatolea pesa, sisi tuna heshima zetu. Waliambiwa tu kwamba binti bado anasoma. Alikuwa na miaka 29 na digrii mbili. Aliyetoa jibu lile alikuwa Shangazi, na mimi niliyekuwa nikipeleka sinia la chai nililisikia nikanyamaza.

Sasa dada akainama, akamwambia mama yake sikioni, lakini kimya kile kilikuwa kikubwa, tukasikia wote: "Mama, huyu Bobby akija kuolewa nyumbani kwetu utampokea?"

Shangazi hakugeuka. Alisema, "Nyamaza, mwanangu, tunaangalia picha."

Nimelifikiria jibu lile wiki nzima. Mimi nililiona Bobby mara ya kwanza kwenye deki, mkanda umekwaruzika, sebuleni, watu watatu, mmoja kalala. Watu wa umri wangu wote tumeyaona mapicha hivyo. Televisheni ya Zanzibar ilianza mwaka 1974, ya rangi, wakati Bara walisubiri hadi miaka ya 1990 kupata kituo chao, na sisi tukajivuna. Miaka ya 1980 zikaja deki, nyingi zimeletwa na jamaa zetu wa Muscat na Dubai. Nani atapanga foleni Majestic na picha liko chumbani? Majumba yakafifia moja moja. Majestic lilimaliza kwa kuonyesha mpira na mikanda ya video, likafungwa, limechakaa, na kila baada ya muda wahifadhi huzungumzia kulifufua. Tangu mwaka 1998 tuna ZIFF, na Ngome Kongwe usiku wa tamasha chini ya nyota ni pazuri, sibishi. Lakini tamasha ni siku chache za mwaka, na sehemu kubwa ya walio pale ni wageni na sisi waandishi wenye vitambulisho shingoni. Shangazi hajawahi kukanyaga. Nilimuuliza kwa nini, akasema, "Pale mnaangalia mapicha ya kusomea."

Sebuleni dada yangu asingeuliza swali lile. Angeuliza, wangegombana, mlango ungebamizwa, kwisha. Pale uani lilikuwa swali la ukumbi mzima. Kina mama waliokaa karibu walilisikia, na nina hakika wawili watatu walikuwa na majibu yao wenyewe ya kujibu, maana walikuwa wakitazama mikeka. Hawa ndio wasichana wa madoadoa! Hawa ndio waliodanganya wanakwenda kushona. Walibishana barazani miaka ile kwamba Raja ana haki, kisha wakazaa, wakawa ndio baba yake Raja.

Serikali hujua jambo hili kuliko sisi. Februari 1977, wapinzani wa Indira Gandhi walipoitisha mkutano mkubwa Delhi, televisheni ya taifa ilibadilisha picha la Jumapili ile ikaweka Bobby, kusudi watu wabaki nyumbani. Watu walikwenda mkutanoni kwa maelfu, na mwezi uliofuata Indira akashindwa uchaguzi. Mhindi aliye peke yake sebuleni na Dimple Kapadia hakuwa na madhara kwa mtu, ndivyo walivyohesabu. Walikosea, lakini hesabu yenyewe naielewa.

Niliahidi kusema mwisho. Vijana wanafukuzwa hadi ukingoni mwa maporomoko, wanajirusha majini. Na hapo baba zao wawili, tajiri na mvuvi, wanajitupa nyuma yao. Katika maji yale kila mmoja anamwokoa mtoto wa mwenzake: tajiri anamtoa Bobby, mvuvi anamtoa Raja. Kuna wanaosema Raj Kapoor kwanza alitaka wafe. Ninashukuru hakufanya hivyo, kwa sababu uani pale kina mama walipiga vigelegele vya harusi, mpaka mbwa wa mtaa wa pili wakaitika.

Tulikunja mikeka kama saa sita. Nilimsindikiza Shangazi kwa miguu, dada mbele yetu anamulika njia kwa simu. Tulipofika karibu na Michenzani Shangazi akanishika mkono kwa ajili ya goti lake, akaniuliza, kama mtu anayeulizia bei ya samaki, "Yule fundi umeme wa posa ile, bado yuko hapa au karudi kwao?"

Nikasema, "Yupo, Shangazi. Hajaoa."

"Mimi sikukuuliza kama ameoa," akasema.

Dada hakugeuka, lakini mwanga wa simu ulitikisika.

Mwezi ujao rafiki yangu anaweka Awara, Jumamosi ya mwisho, palepale, baada ya Isha. Njoo na mkeka wako. Shangazi keshasema mahali pake pa mbele asikae mtu, na ameniomba nimtafutie projekta yenye sauti kubwa zaidi, kwa sababu safari hii, anasema, hakusikia vizuri.